Gari la mzee lilikuwa na mashavu, mama akaliosha kama samaki

Wakuu, poleni na mvua mlioko kanda ya ziwa, na mlioko kwingine poleni na vumbi.

Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili la magari, miaka mingi sasa. Juzi nimeona mdau anauliza kama sports car yenye matundu kwenye mfuniko wa injini inaweza kuachwa kwenye mvua, na kama ni salama kuipeleka car wash. Majibu yalikuwa mengi, mengine ya kutisha kabisa. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona bora niweke uzi wangu.

Chumvi sijatia. Watu wa Kibara waliolijua gari la mzee wangu bado wapo, mwenye shaka akaulize.

Iko hivi.

Marehemu baba yangu alikuwa bwana shamba. Alizunguka vijiji vya Bunda kwa pikipiki miaka na miaka, akifundisha watu pamba na mihogo, na nyumbani Kibara, kando ya ziwa, alituacha na mama, watoto sita. Mimi ni wa nne.

Sasa kuna mgeni mmoja alikuwa na mradi wake Musoma, baba akawa anamsaidia mambo ya bustani, wakashibana. Mradi ulipoisha yule mgeni akarudi kwao, gari lake akamwachia baba kwa bei ya kirafiki.

Sote tulitegemea pickup.

Siku baba anaingia nalo uwani tulitoka mbio, tukakuta kitu chekundu, kifupi, kimelala chini kama mbwa aliyezidiwa na joto. Milango miwili. Viti viwili. Mama alilizunguka taratibu, akauliza wengine tutakaa wapi. Baba akasema nyuma. Akaenda kufungua nyuma.

Nyuma kulikuwa na injini.

Jina la kampuni silitaji, mods wasije wakasema natangaza biashara. Ni la Kijapani, injini iko nyuma ya viti, ukifungua boneti ya mbele unakuta tairi ya spea na betri. Wajuzi mmeshalijua.

Mfuniko wa ile injini ulikuwa na matundu marefu pande zote mbili, yamepangana kama vioo vya dirisha la zamani. Joto la injini linatokea hapo. Ukisimama juu yake na kikombe cha chai kikakuponyoka, chai inakwenda moja kwa moja kwenye injini.

Tukamuuliza baba kwa nini kanunua gari lenye matobo. Kwa kuwa tulikuwa Kibara, na mtoto wa Kibara anamjua samaki kabla hajajua a e i o u, baba akatujibu kwamba yale si matobo, ni mashavu, kama ya samaki. Gari linapumulia hapo.

Jina likakaa. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema matundu tena nyumbani kwetu.

Hofu ya baba ilikuwa moja tu: mvua.

Yule mgeni alikuwa amemwonya kwamba maji yakituama kwenye plagi gari litasumbua. Baba aliyapokea maneno yale kama amri kumi. Na mvua ya ziwani mliokulia kule mnaijua, haipigi hodi. Wingu linapanda kutoka majini, upepo unageuka, na kabla hujavaa kandambili matone yameshafika.

Basi aliyeliona wingu kwanza alikuwa anapiga kelele: "Mashavu!"

Nyumba nzima tunatoka mbio. Mmoja anaburuta turubai, wawili wanashika pembe, wengine wanakusanya mawe ya kukandamizia. Baba mwenyewe anakuja na taulo kiunoni, au na shati la kanisani, kutegemea wingu limemkuta wapi. Majirani walishazoea. Kuna Jumapili katekista alikuwa anatusalisha sebuleni, tumefika "utupe leo," Majura mdogo wangu akachungulia dirishani na kupiga ile kelele. Tulimwacha katekista peke yake na Baba Yetu wake. Tuliporudi tumelowa, baba akamwambia kwa heshima zote kwamba aendelee alipoishia.

Kuosha nako kulikuwa na masharti. Kwanza injini ipoe. Kisha unafunika mashavu kwa masinia mawili, moja kila upande, na karibu na hapo hakuna kumwaga maji, unapangusa kwa kitambaa chenye unyevunyevu tu. Wenzake baba walikuwa wanapeleka magari ukingoni mwa ziwa na kuyamwagia ndoo kwa ndoo. Baba akiliona jambo hilo anageuza uso, utadhani kaona mtu anachapwa.

Darasa hilo alitupa sisi watoto wote sita. Mama hakuwemo, alikuwa na shughuli zake.

Sasa niwaambie kwa nini tulilipenda gari lile kiasi hicho, maana mtu anaweza kudhani ni rangi.

Baba akiwa na safari ya Musoma, au ya kwenda kumsalimia shangazi Butiama, alikuwa anachukua mtoto mmoja. Hakuna nafasi ya wa pili. Zamu zilijulikana na zilipiganiwa. Wakuu, mkiwa watoto sita, kumpata baba peke yako ni kitu adimu. Mezani mko wengi, kanisani mko wengi, akikusema anakusema na wenzako. Ila ndani ya gari lile, kutoka Kibara mpaka Musoma, wewe ndiye mtoto wa pekee wa yule mzee.

Zamu yangu moja siisahau. Tulikuwa tunatoka kwa shangazi Butiama, mvua ikatukuta njiani. Baba akatafuta duka lenye baraza pana, akaingia kinyumenyume, mashavu yakakaa pakavu na pua ya gari ikabaki inanyeshewa. Akanunua mahindi ya kuchoma. Tukakaa humo ndani vioo vimejaa ukungu, tunatafuna.

Mvua ilikuwa ndefu, na baba akaanza kuongea. Aliniambia aliwahi kufeli mtihani na kukimbilia kisiwani kuvua, na kwamba alirudi shule kwa sababu aliogopa maji. Mzaliwa wa ziwani, hajui kuogelea. Akasema nisimwambie mtu. Alicheka mwenyewe mpaka punje ya hindi ikampalia.

Mpaka leo mvua ikianza kugonga bati, mimi huku Dodoma naisikia harufu ya yale mahindi na ya vile viti. Nisiwafiche, namkumbuka sana mzee.

Na si mimi peke yangu. Dada Nyabwire, mkubwa wetu, alimweleza baba habari za mchumba wake wakiwa wamejibanza kwenye mvua namna hiyohiyo. Majura alifundishwa humo kufunga tai. Kila mmoja wetu ana mvua yake na baba.

Baba alitutoka miaka michache iliyopita. Gari likabaki uwani kwa mama, kwenye kibanda cha bati, sisi tumetawanyika na maisha.

Mwaka jana tukakubaliana kwenye group la familia kwamba liuzwe kabla halijaozea pale. Mnunuzi akapatikana, kijana wa Iringo, Musoma mjini, mgonjwa wa magari ya aina hiyo. Akasema atakuja na lori kulibeba, liwe zima au bovu kwake sawa, atalifumua lote na kulijenga upya.

Dada akampigia mama kumuuliza kama ana neno kabla halijaondoka. Mama akasema hana neno. Ila kama lingeweza kuwaka, angependa limpeleke Bunda siku moja, na yeye akae aone.

Dada akatuandikia hayo kwenye group. Baadaye Majura akauliza kama kuna yeyote aliyewahi kumwona mama ndani ya lile gari.

Hakuna.

Kiti kilikuwa cha zamu, na zamu zilikuwa zetu. Safari zake za Bunda mama alipanda magari ya abiria, hata siku baba alipokuwa anakwenda hukohuko na mmoja wetu. Tulikuwa tunampungia mkono.

Nikaomba likizo. Nilitaka gari liwake kabla lori halijafika, mama akae kwenye kile kiti. Basi, hicho tu. Bei ya gari haikunihusu tena.

Nilifika Kibara na betri mpya begani. Nikatoa petroli iliyolala, nikaweka nyingine, nikajaza upepo tairi. Nikapiga stata. Injini inazunguka vizuri, lakini inakohoa, inatetemeka kama mtu aliyetoka kuoga asubuhi ya baridi, halafu inakufa. Nikarudia mpaka nikaihurumia betri.

Nikafungua mfuniko wa mashavu. Hapo ndipo niliposhangaa.

Gari limekaa miaka bila kuguswa, nilitegemea buibui, vumbi, labda na kiota cha panya. Nilikuta injini inang'aa kama sufuria ya Krismasi. Hakuna hata jani.

Nikachomoa waya wa plagi ya kwanza. Kwa wasiojua, kwenye injini ile plagi zinakaa chini ndani ya mashimo marefu, ukichomoa waya unaona shimo. Nilimulika. Shimo lilikuwa limejaa maji. La pili hivyohivyo. Nikachovya kidole, nikanusa.

Sabuni ya unga.

Nikamwita mama, nikamuuliza taratibu ni nani anaosha gari. Akajibu kwa furaha kabisa kwamba ni yeye, kila Jumamosi, hajawahi kuruka hata akiwa na mafua. Nikamuuliza anaosha vipi. Akanionyesha kwa mikono: ndoo inainuliwa, povu linamwagwa juu ya mashavu, halafu maji ya kusuuza, tena na tena, mpaka yatoke meupe kule chini.

Nadhani aliona uso wangu, maana alinieleza kama unavyomweleza mtoto:

"Samaki anaanzaga kuoza kwenye mashavu, baba. Hata sokoni unaangaliaga hapo kwanza. Nikasema nisiache gari ya baba yenu ikaoza."



Neno lilikuwa la baba mwenyewe. Alilileta ili sisi watoto tuelewe kwamba gari linapumua, na mama akalielewa kwa akili ya mtu aliyeosha samaki maisha yake yote. Shavu ni la maji. Maji yakiingia hapo hayadhuru kitu, na uchafu ukibaki hapo ndipo uozo unapoanzia. Ukiwa Kibara huo ni ukweli mtupu, na turubai letu nadhani alilichukulia kuwa la kulinda rangi. Na alifanya hivyo kila Jumamosi kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumpakia.

Nikamwambia ameosha vizuri sana. Akarudi jikoni ameridhika. Mimi nikakaa juu ya tairi ya spea niliyokuwa nimeitoa mbele, nikalia kidogo, nikacheka kidogo.

Nikampigia fundi Masatu wa Guta, aliyekuwa anamsaidia baba zamani. Alipofika nilimwahi getini, nikamwomba kwamba tukifika mbele ya mama aseme tatizo ni unyevu wa ziwa. Masatu akanusa lile shimo la plagi, akanitazama, akatangaza kwa sauti kwamba unyevu wa ziwa mwaka huu umezidi.

Tulitoa maji kwa matambara, tukapuliza mashimo kwa pampu ya baiskeli, waya tukazianika juani. Plagi tatu zilitoka kwa adabu. Moja iligoma, kutu imeishika. Masatu akasema ikikatikia ndani ni kufungua injini nzima, na hapo tuliache lori lije. Tukaimiminia mafuta ya kulainisha kutu, tukaiacha. Kesho yake Masatu aliishika ile plagi kama anatoa mwiba kwenye mguu wa mtoto, anafungua kidogo, anarudisha, anafungua, mpaka ikalia kwi na kuachia.

Tukafunga plagi mpya. Nikapiga stata.

Likawaka. Lilitoa moshi mweupe wenye harufu ya nguo zilizofuliwa, majirani wakakusanyika, na mimi nikaenda kumwambia mama avae.

Alivaa kitenge chake cha kanisani. Kuingia kulikuwa kazi, akalalamika kwamba mbona tunakaa chini kama msibani. Alipokaa sawa aliweka mkoba mapajani, akaushika kwa mikono miwili, akatazama mbele. Nikafunga mlango wake mimi mwenyewe.

Barabara ya kwenda Bunda siku hizi ni lami, tofauti na zamani baba alipokuwa anakwepa mashimo kama amebeba trei za mayai. Tulikwenda vizuri. Mara mojamoja mama aligeuka kutazama kioo kidogo cha nyuma, injini inapounguruma.

Tukiwa katikati ya safari, wingu likapanda upande wa ziwa.

Sikuamua chochote, mwili uliamua. Mguu ukaachia mafuta, macho yakaanza kutafuta baraza, duka, mti wowote mkubwa. Matone ya kwanza yakagonga kioo. Nikawasha indiketa.

Mama akauliza nasimama nini. Nikamwambia mvua hiyo mama, mashavu.

Akauweka sawa mkoba mapajani. Halafu akaongea bila hasira yoyote, kama mtu anayetaja bei ya nyanya:

"Wingu likipanda mlikuwaga mnakimbilia gari, nyumba nzima. Dagaa zangu ziko kwenye mkeka, mihogo iko juu ya mwamba, nguo zenu ziko kwenye kamba. Nilikuwaga naanua peke yangu. Leo sina cha kuanua. Endesha."

Nikazima indiketa.

Roho iliniuma, wakuu. Mvua ile ambayo kwangu ni mahindi ya kuchoma na sauti ya baba, kwake ilikuwa ni kukimbia peke yake na beseni kichwani, huku anatutazama watu saba tumeshika turubai moja.

Mvua ikashuka yote. Nikaendesha.

Na hapa nimjibu yule mdau. Gari halikukohoa hata mara moja mpaka Bunda. Likiwa kwenye mwendo, upepo unapeperusha sehemu kubwa ya maji, na kinachopenya kinakutana na joto, kinakauka. Waliolitengeneza walijua kwamba mvua ipo duniani. Kinachoua ni ndoo: maji mengi, ya karibu, yenye sabuni, yanamwagwa moja kwa moja juu ya matundu, halafu gari linaachwa limelala bila kuwashwa. Car wash waambie wasielekeze ile mashine ya presha hapo. Funika, pangusa, kisha liwashe mpaka lipate moto. Likilala nje muda mrefu lifunike, na mara mojamoja chomoa waya wa plagi uchungulie kama kuna maji. Baada ya hapo lala usingizi.

Baba alikimbizana na mvua miaka yote ile, na mvua yenyewe haikuwa adui kiasi hicho.

Bunda mama hakushuka. Alitaka nizunguke mji. Nikazunguka. Akanunua vitunguu kupitia dirishani, anamtazama muuzaji kutoka chini, wanacheka wote wawili. Alikutana na mwanakwaya mwenzake anakimbilia barazani, akamsalimia kwa kumpungia mkono polepole, kama mke wa mheshimiwa. Tuliporudi Kibara alikaa ndani kidogo hata baada ya injini kuzimwa.

Kijana wa Iringo alikuja siku chache baadaye. Alipoona gari linawaka, lile lori akalirudisha tupu. Alilizunguka, akainama, akapitisha mkono juu ya mashavu, na akauliza swali lilelile la mdau wa juzi: sasa haya matundu, mvua ikija ghafla nifanye nini kwanza?

Nilikuwa nimefungua mdomo nimpe darasa la baba, masinia na turubai. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaniwahi.

"Anua nguo kwanza," akamwambia.

Yule kijana akacheka, akadhani ni utani wa wazee. Akaagana nasi, akaondoka na gari la baba, taa nyekundu zikapotelea kwenye kona ya kanisa. Mimi sikucheka.

Ndiyo hivyo wakuu. Nilichojifunza ni kwamba kitu mnachokikimbilia wote nyumbani, kuna mtu anabaki upande wa pili anakimbilia vilivyobaki, na huwa hasemi mpaka apewe kiti. Wenye magari ya mashavu leteni maswali ya plagi hapa chini, nitajibu ninayoyajua. Na wengine, kama mama yupo, muulizeni mvua ikianza kwenu nani alikuwa anaanua, kisha mje mtuambie alichojibu.

Suala la sabuni mama halijui mpaka leo. Mwenye ndugu Kibara afunge mdomo.